Foleni na joto haviruhusiwi

Kuna kikundi chetu cha watu tuliojuana mtandaoni, wengine hatujawahi kuonana hata siku moja, na mchezo wetu ni mmoja tu, Ijumaa usiku kila mtu anataja kitu kimoja anachokipenda na kimoja kinachomkera, basi. Ila mchezo una masharti. Kwenye kero huruhusiwi kusema foleni, huruhusiwi kusema joto, huruhusiwi kusema umeme kukatika. Kwenye kupenda huruhusiwi kusema Mungu, mama yako wala watoto wako. Na Simba na Yanga hawaingii pande zote mbili maana mmoja kaanza 1935 mwingine 1936 na ugomvi wao haujaisha mpaka leo, hatuwezi kuumaliza sisi kwenye simu. Masharti nimeyaweka mimi, nimesemwa sana, ila nayatetea, kwa sababu ukimruhusu mtu wa Dar aseme foleni atasema foleni mpaka kunakucha na ukimaliza kumsikiliza unakuwa hujamjua hata kidogo, foleni ya Mwenge ni ya wote, hata mwenye V8 kakaa hapohapo na kiyoyozi chake. Kero ya kila mtu sio kero yako. Mi nataka ile ndogo, ya kijinga, ile unaona hata aibu kuisema, hiyo ndo inaniambia we ni mtu wa aina gani.

Haya naanza na yangu ili msiseme nawachimba tu. Yangu ni chenji ya kugawana. Mnaopanda daladala mnaijua, konda hana hela ndogo za kutosha afu anawachukua abiria wawili wasiojuana anampa mmoja hela zote, "mgawane hapo na dada", huyoo keshaenda kudai siti za nyuma. Zamani haikuwa shida kihivyo, nauli ya ruti fupi ilikuwa 500, unatoa jero lako la sarafu mmemalizana. Tangu ipande kuwa 600 mwishoni mwa 2023 ndo balaa lilipoanza, kila mtu anatoa buku na kila mtu anadai 400. Juzi kati hapa nimekaa na anko mmoja mtu mzima, kabeba bahasha ya kaki na miwani ya kusomea kaining'iniza shingoni, wote tumetoa buku, konda anamshindilia anko mkononi sarafu tatu, ya 500, ya 200 na ya 100. Mgawane. Sasa chukua hizo sarafu zigeuze unavyotaka, 400 mbili hazitoki. Anko kavaa miwani, kazipanga kwenye kiganja, kazitazama, kanitazama mimi, kazipanga tena. Lazima mmoja achukue 500 mwingine 300. Tukaanza kusukumiana, "chukua wewe dada", "hapana anko chukua wewe", mpaka Buguruni, mwisho kanipa ile 500 kwa heshima zote akasema mia yangu utanipa siku tukionana, akashuka. Yani nina deni kwa mtu ambaye hata jina simjui. Na wala sio mia inayonikera, ni kuingizwa kwenye mambo ya hela na mtu ambaye hata salamu hatujamaliza, afu aliyetuingiza yuko nyuma huko anapiga mluzi.

Nilipoileta hii nikajua wengi watanicheka, kumbe nimefungulia bomba. Mmoja akasema yeye bora hiyo, yeye kinachomkera ni abiria anayekaa siti ya nje afu hataki kusogea, anageuza magoti tu pembeni eti upite, na una mkoba na mtoto. Mwingine kinachomkera ni mtu kuongea na simu kwa spika kwenye gari na mambo yenyewe ni ya mirathi, gari zima tumeshajua shamba liko wapi na shangazi gani ndo mbaya, afu anashuka kabla hatujajua nani kapewa.

Ila kwenye usafiri huohuo ndo likatoka pendo zuri kuliko yote msimu ule. Kuna dada anaishi Tegeta kazi yake iko Posta, akasema yeye anapenda siti ya dirishani upande wa dereva, tukamuuliza kwani upande wa pili una nini, akatushushia darasa. Asubuhi ukitoka Tegeta kuja mjini unaelekea kusini, jua linachomoza mashariki, linakuwa kushoto kwako. Jioni ukirudi unaelekea kaskazini, jua linazama magharibi, kushoto kwako tena. Kwa hiyo wanaokaa kushoto wanaungua kwenda na kurudi, na wanaokaa kulia wako kivulini kwenda na kurudi, na watu wanapanda ruti hiyo miaka nenda rudi hawajawahi kuligundua. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, alisema siku zote anawahi upande wake anakaa kimya kama vile imetokea tu. Mi nilimpenda kuanzia hapo. Mtu anayeficha kivuli chake namna hiyo anatunza siri, na kweli tangu siku hiyo mambo yangu mengine namwambia yeye tu.

Tukija kwenye simu. Hapa kero ni nyingi mpaka tukataka kuipiga marufuku nayo ila tukaona tutakosa cha kuongea. Yupo wa Mwanza, yeye ni mpole kweli, huwezi kumsikia kachukia, ila mwambie "tuma na ya kutolea" uone. Anasema mtu anakukopa, anakupangia kiasi, anakupangia na muda, "kabla ya saa kumi basi wangu", afu juu ya yote anataka umlipie na makato ya wakala ili elfu ishirini yake ifike mkononi ikiwa elfu ishirini kamili isiyokatwa hata senti. Mi nikamwambia kwani si ndo kusaidia, ukimtoa mtu kwenye shida mtoe mzimamzima. Akaniambia kusaidia ni mimi kuongeza ya kutolea kwa hiari yangu, akiidai yeye inakuwa sio msaada tena inakuwa ankara. Tulibishana kweli siku hiyo. Kuna mmoja akatukumbusha ile 2021 tozo za miamala zilipoanza watu walivyokuwa wanapiga hesabu mara mbilimbili kabla ya kutuma hata hela ya dawa, na akasema hiyo "ya kutolea" ndo ilipata nguvu hapo. Sijui. Mi naona ilikuwepo tangu enzi, mama yangu mdogo alikuwa anaisema tangu simu za tochi.

Voisi noti sizielezi sana, mnazijua. Nataja moja tu, ile inayoanza na "eeeh... shoga... ngoja kwanza nitoke nje", halafu unasikia mlango, unasikia ndala, unasikia bodaboda inapita, unasikia "shikamoo mama" ya mtoto wa jirani na anajibiwa "marahaba, mama yako yupo?", na wewe bado umeshika simu sikioni hujaambiwa kitu. Tangu 2021 WhatsApp walipoleta ya kuongeza spidi mi nasikilizia mbili kwa moja, shangazi yangu anaongea kama kasuku aliyekunywa kahawa, mtanisamehe.

Lakini humohumo kwenye kikundi kuna mwenzetu yuko Muscat, kaenda kikazi muda sasa, na yeye akaja akasema pendo lake ni hizohizo voisi noti zenye makelele. Akasema jamani msiende ndani, msizime redio, mkiwa mnapita kwa muuza kahawa simameni hapo kidogo nisikie anavyogonganisha vile vikombe. Kila mtu akakaa kimya kidogo. Siku ya pili nilikuwa natoka kazini nikamkuta mzee wa kahawa pale karibu na nyumbani na birika lake juu ya kijiko cha mkaa, nikanunua kikombe na kashata ya karanga, nikamwomba agonge nirekodi. Akaniangalia akidhani nataka kumfanyia vituko vya mtandaoni, nikamweleza ni ya dada yuko Oman, akagonga kweli, akagonga kwa mbwembwe zote mpaka mafundi wa pale gereji wakageuka, na mwishoni akasogea kwenye simu akasema "dada wa Oman, na wewe huko tutumie halua". Halua haijafika mpaka leo, namkumbushia hapa mbele za watu.

Sasa michango. Nilijaribu kuipiga marufuku pamoja na foleni, nikashindwa kwenye kura. Na kusema kweli nimefurahi nilishindwa, maana hapa watu walitofautiana vizuri kweli. Sio wote wanakerwa na hela. Mmoja anasema hela atatoa, harusi ni ya watu, na yeye alichangiwa, kinachomkera ni ile orodha. Orodha ya jina, ahadi, alichopunguza na salio, inayotumwa saa nne usiku ukiwa umeshalala nusu, "wapendwa tunawakumbusha kukamilisha ahadi zenu, siku zimekwisha", na wewe uko namba saba na mbele yako kuna sifuri imekaa peke yake kama... hapana nimeshatumia kasuku, basi imekaa tu peke yake inakutazama. Mwingine anasema orodha sio shida, shida ni katibu anayeirudia orodha nzima kila mtu akipunguza elfu kumi, simu inalia kutwa, unafungua ukidhani kuna msiba.

Mwingine kinachomkera ni kuingizwa. Anashtukia yuko kwenye kikundi cha harusi ya mtu hamjui, kaangalia juu kaangalia chini, bwana harusi hamjui, bibi harusi hamjui, aliyemuingiza alifanya naye kazi mahali zamani wakaachana hata kwa kheri hawakuagana. Akatoka. Akarudishwa. Na maneno juu, "naona simu ilikutoa bahati mbaya". Zamani ukitoka ilikuwa inatangazwa kikundi kizima, kuanzia 2022 wanaojulishwa ni maadmini tu, watu wakafurahi tumepona, haya niambie kwenye kikundi cha harusi admini ni nani? Ni mwenyekiti, katibu na mhazina. Yani haohao unaowakimbia ndo wanaoambiwa umekimbia, wengine wote wasiokudai ndo hawaoni.

Na dada huyohuyo wa kuingizwa, nikamuuliza pendo lako, akasema pendo langu ni kamati ikiingia ukumbini inacheza. Ndo mtu huyo! Anasema akiwaona wale wamama wa kamati na sare zao, wametoka jasho wiki nzima kudai watu, wanaingia kwa kuserebuka mmojammoja na yule mhazina aliyekuwa mkali kuliko wote ndo anashuka mpaka chini, basi anasamehe orodha zote. Akatuambia siku hiyo aliishia kwenda kwenye ile harusi ya watu asiowajua, kadi ya single, akala, akacheza, na namba ya bibi harusi anayo mpaka sasa.

Wa Tanga naye ana lake la peke yake, anakerwa na mtu kuvaa kanga jina limegeuka chini juu. Anasema anaweza kumfuata mtu sokoni amwambie "dada samahani, kanga yako inasomwa na ardhi". Tukamwambia huo ni ukorofi, akasema ukorofi ni kumuachia mtu anatembea mji mzima na maneno yamepinduka, kanga watu wanaichagua dukani kwa jina kabla hata ya rangi, afu unaenda kulisomesha sakafu. Na pendo lake ni hiyohiyo kanga ikishafuliwa mpaka ikawa laini, ile ya kulalia, ile huwezi kupokelea mgeni. Hapo wote tulikubaliana, na ni nadra sana sisi kukubaliana.

Yupo kaka wa Mbeya anapenda kuwajibu wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kila mtu nchi hii ameshaipata hiyo meseji. Mi nilijua ile 2019 na mwanzoni mwa 2020 tulipopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole basi ndo mwisho wao, wapi, wako palepale na wao wamezoea. Kaka huyu anawajibu kwa adabu zote, "nimeshatuma mkuu, imekuja?", afu anasubiri, tapeli anaangalia haoni kitu, anaambiwa mtandao leo unasumbua, aangalie tena, aangalie tena, na kuna mmoja mwishoni alimwandikia "bro kama huna hela sema tu". Nilicheka mpaka mfanyakazi mwenzangu akaniuliza kama niko sawa. Ila angalizo, msimuige kama huwajui vizuri hao watu, na namba ya siri usimpe mtu, hata akijitambulisha kama nani.

Kitu kilicholeta kelele nyingi kuliko michango, hamtaamini, ni ukoko. Mi pendo langu ni ukoko wa wali wa nazi. Ule uliopaliwa, mkaa chini kidogo na mkaa juu ya mfuniko, wali ukikauka chini kunashika rangi ya dhahabu na mafuta ya nazi yanaingia humo, unaukwangua kwa upawa unatoka bamba zima, unavunjika ukiuma. Nyumbani kwetu ukoko ulikuwa na zamu, na ukikuta mtu kala zamu yako ni kesi ya kufika kwa bibi. Sasa kuna mtu kwenye kikundi, simtaji anajijua, akasema ukoko ni wali ulioungua na mpishi hodari hatoi ukoko. Jamani. Wa Tanga alimshukia, wa Kilwa akamshukia, dada wa Muscat akaamka huko saa saba za usiku kumshukia. Yeye akashikilia, akasema kwao Moshi wali unatoka mweupe mpaka chini, tukamwambia pole.

Tatizo ukoko wenyewe unatuaga. Mi mwenyewe saivi napikia gesi, na siku nyingine rice cooker, ukifika jioni umechoka utapalilia mkaa saa ngapi. Serikali nayo mkakati wake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mi naunga mkono kabisa, nimekua napuliza jiko najua moshi ule unafanya nini machoni na kifuani, na misitu inakwisha kwa ajili ya mkaa wetu sisi wa Dar. Lakini hakuna aliyekaa akaniambia ukoko tutautoa wapi. Nimejaribu kwenye gesi, moto mdogo, sufuria nzito, unapata kitu kinafanana fanana ila katikati kimeungua pembeni cheupe. Kuna mama ntilie mmoja jirani na ofisini bado anapikia mkaa, ukiwahi kabla ya saa saba anakuwekea kipande pembeni ya maharage bila kukuuliza, na ukichelewa anakuambia "mwanangu leo wamekuwahi" kwa sauti ya huruma kabisa. Mteja wa kudumu nimekuwa kwa ajili ya hicho kipande tu, maharage yake ya kawaida sana.

Mengine napita haraka. Chipsi mayai na kijiti kimoja watu wawili, kero. Muuzaji kuuliza "niweke kachumbari?" huku keshaweka, kero. Mtu kukuambia "nipo njiani nafika" na unasikia maji ya kuoga yanamwagika, kero ya taifa. Asubuhi za Julai ukitoka nje kuna kaubaridi mpaka unatafuta sweta ulilosahau liko wapi, pendo. Mihogo ya Coco Beach na pilipili ya ndimu, pendo, hata kama mchanga unaingia. Umeme ukirudi na watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele kwa pamoja "umerudiii!", hili lilizua mjadala kama linaruhusiwa maana linagusa umeme, nikaamua linaruhusiwa, kukatika ndo marufuku, kurudi ruksa.

Na wiki hii yule wa Moshi asiyekula ukoko kaleta kero yake mpya, eti embe zenye nyuzi. Anasema anakula embe moja anachokonoa meno mpaka usiku. Kwa mara ya kwanza nimeona ana hoja, embe la nyuzi linakuchosha, mi mwenyewe mtu wa dodo, nikikosa dodo nakula bolibo, na mbichi nakatia chumvi na pilipili hapohapo kwa muuzaji barabarani. Tumepatana kidogo. Msimu unachanganya kuanzia Novemba na kikundini kuna watu wawili wana miembe uani, wamekaa kimya kabisa tangu mada ianze, mmoja yuko Mkuranga mwingine Kigamboni, na tunawaona mko onlaini.